Dodoso lako linapima kweli? Namna ya kukagua uhalali na uthabiti kabla na baada ya kwenda fildi

Chukua sado la sokoni ambalo kitako kimebonyea kwa ndani. Ukipima mahindi nalo leo, ukapima kesho, ukampa na mwenzio apime, kiasi kinatoka kile kile, halibadiliki hata punje, ila kila anayenunua anapunjwa. Hilo sado lina uthabiti, uhalali halina. Uthabiti ndo ile relaiabiliti mnayoulizwa na masupavaiza, yaani kipimo kinarudia jibu lile lile kama kitu chenyewe hakijabadilika. Uhalali ndo validiti, yaani kinapima kile unachosema kinapima na sio kitu kingine kilichokaa jirani yake.

Naanza na hili mana napitia rasimu nyingi za tasnifu za vijana wa saikolojia na ustawi wa jamii, na sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, utakuta sentensi moja tu: "Alfa ya Cronbach ilikuwa 0.82 kwa hiyo dodoso ni halali na linaaminika." Hapana jamani. Hata lile sado lililobonyea lingepata alama nzuri kwenye kipimo cha aina hiyo. Alfa ni namba inayokwambia maswali yako yanakwenda pamoja kiasi gani, haikwambii yanakwenda wapi. Na kwenye saikolojia sio suala la maksi za tasnifu tu, alama ya dodoso ndo inaamua mama fulani atapelekwa kuonana na daktari au atarudi nyumbani hivo hivo, kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujafungua kompyuta.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili tusipotee, PHQ-9, dodoso la sonona ambalo wengi mnalitumia. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla inaenda 0 mpaka 27, na 10 ndo mpaka unaotumika sana kusema huyu anahitaji kuangaliwa zaidi.

Hatua ya 1: andika unapima nini, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida

Kabla ya dodoso lolote chukua karatasi uandike mistari miwili: napima nini, na alama ikitoka itatumika kufanyia nini. Inaonekana rahisi ila wengi wanakwama hapa hapa. Sonona ni neno la kitabuni, Kenya wanasema unyogovu, na mtaani watu wengi hawasemi lolote kati ya hayo, wanasema "nina mawazo", "nafikiria sana", "moyo mzito". Sasa mtu mwenye mawazo kwa sababu ada ya mtoto haijapatikana ni mgonjwa wa sonona? Huenda ndiyo, huenda sio. Kama hujaamua mwenyewe mpaka uko wapi, dodoso haliwezi kukuamulia. Andika pia usichopima: sipimi uchovu wa kazi, sipimi umaskini, sipimi msiba wa juzi. Hiyo orodha ya pili itakuokoa hatua za mbele.

Hatua ya 2: uliza kipimo kilijaribiwa kwa nani

PHQ-9 ilichapishwa 2001 na Kroenke, Spitzer na Williams. Waliijaribu kwa wagonjwa 6,000 wa kliniki za kawaida na za uzazi Marekani, alafu 580 kati yao wakahojiwa tena na mtaalamu wa afya ya akili. Kwa mpaka wa 10, dodoso liliwakamata 88% ya waliokuwa na sonona kubwa na likawaacha salama 88% ya wasiokuwa nayo. Matokeo mazuri, lakini ni ya watu wale. Uhalali haukai ndani ya karatasi kama muhuri, unakaa kati ya karatasi na watu unaowauliza, ukibadilisha watu unaanza kuutafuta upya.

Kuna jaribio la Robert Serpell, alikuwa Chuo Kikuu cha Zambia, lilitoka 1979, mimi nalipenda sana. Watoto wa Zambia na wa Uingereza walipewa maumbo wayaige. Walipoiga kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Walipoiga kwa waya, Wazambia wakawa mbele. Kwa udongo wa kufinyanga hakukuwa na tofauti ya maana. Yeyote aliyekulia huku anajua watoto wanavyotengeneza magari ya waya, matairi yanazunguka na usukani unakata kona. Angekuja mtu na karatasi tu angesema watoto wa Zambia hawana uwezo wa kuona na kuiga maumbo, wakati alichopima ni nani ameshazoea kalamu. Na angerudia mara kumi angepata jibu lile lile, uthabiti safi kabisa.

Kwa hiyo tafuta kama kipimo chako kimeshajaribiwa kwa Waswahili. Kwa mfano orodha ya dalili ya Hopkins yenye maswali 25 ilijaribiwa Dar es Salaam na Sylvia Kaaya na wenzake kwa wajawazito wanaoishi na VVU, ikachapishwa 2002. PHQ-9 nayo imeshafanyiwa kazi ya namna hiyo Kenya na Tanzania. Ukikuta toleo lililokwishajaribiwa litumie, usitafsiri upya kwa ajili tu ya kuonekana umefanya kazi.

Hatua ya 3: tafsiri, alafu usiiamini tafsiri

Kama toleo lililojaribiwa hakuna, njia ya kawaida ni mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine ambaye hajaona ya mwanzo arudishe kwenye Kiingereza, mnalinganisha. Fanyeni, ila mjue shimo lake. Mtu akiandika "kujisikia chini", mrudishaji ataitoa sawasawa kabisa na ya mwanzo, mtapiga makofi, na hakuna mtu mtaani anayesema anajisikia chini. Kurudisha tafsiri kunakamata makosa ya maana, hakukamati Kiswahili kisicho Kiswahili, na kadiri tafsiri inavyokuwa ya neno kwa neno ndivyo inavyofaulu mtihani huo.

Angalia na majibu, mana watu wanahangaika na maswali wanasahau majibu. PHQ-9 ina jibu la tatu linalomaanisha dalili ilikuwepo siku nyingi zaidi ya nusu. Ukiandika "zaidi ya nusu ya siku" umeharibu, kwa sababu kwa Kiswahili siku ni siku, moja au kumi, neno halibadiliki. Mtu anasikia "zaidi ya nusu siku", anafikiria masaa, anakwambia hapana huwa inanishika jioni tu, wakati inamshika kila jioni kwa wiki mbili na alitakiwa apate alama 3. Andika "siku zaidi ya saba kati ya hizo kumi na nne", au tumia punje: weka punje 14 za mahindi mezani, mwambie atenge siku zilizokuwa hivo. Kwa asiyesoma hii inasaidia sana.

Kuna kukanusha pia. Muulize mtu "Huna hamu ya kula?" akijibu "Ndiyo", anamaanisha ni kweli sina. Mwingine kwa maana ile ile atakwambia "Hapana, sina". Anayeingiza data anaona neno la kwanza tu. Bado hujafika kwenye "hulala vizuri" na "hulali vizuri", vokali moja ya mwisho, ukisoma haraka kwenye kelele za kituo cha afya mtu anajibu swali tofauti kabisa. Skeli kama ile ya Rosenberg ya kujithamini ya 1965 ina maswali 10 na nusu yake yameandikwa kwa upande wa hasi, kwa hiyo hapo uangalifu ni mara mbili. Ushauri wangu swali likikubali kuandikwa bila kukanusha liandike hivo.

Hatua ya 4: kaa na watu kumi, swali moja moja

Hii ndo hatua inayorukwa kuliko zote na kwangu mimi ndo yenyewe. Tafuta watu kama kumi hivi wanaofanana na utakaowahoji, sio wanafunzi wenzio wa hosteli, watu wenyewe. Soma swali, acha ajibu, alafu uliza: umeelewa swali linauliza nini? Niambie kwa maneno yako. Ulikuwa unafikiria nini ulipochagua hilo jibu? Alafu nyamaza, usimsaidie. Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Swali la saba la PHQ-9 linauliza shida ya kutuliza akili, mfano unaposoma gazeti au kuangalia televisheni. Mama mmoja muuza mboga nilimsomea hilo swali akaniambia "hapana sina shida", nikamuuliza ameelewaje, akasema "mimi sina gazeti wala tivii, sasa shida nitaipata wapi?" Baadaye tukiwa tunaongea mambo mengine akasema siku hizi anasahau chenji, anampa mteja bidhaa anasahau kupokea hela, mpaka mwanae anamkaripia. Jibu lilikuwa 3, kwenye karatasi lilikuwa 0. Tukabadilisha mfano ukawa "kama kuhesabu chenji au kufuatilia maongezi" na watu wakaanza kujibu kitu kinachoulizwa.

Angalia pia maswali yenye vitu viwili ndani, usingizi mdogo au mwingi kupita kiasi, kukosa hamu ya kula au kula kupitiliza. Mtu anasikia la kwanza anajibu, la pili halimfikii. Soma taratibu na uweke kituo katikati.

Na salamu, hii usiidharau. Sisi mtu akiulizwa habari anajibu "nzuri", hata kwenye msiba utasikia "nzuri, ila tumefiwa na mjomba." Ukianza dodoso na "unajisikiaje siku hizi" moja kwa moja baada ya salamu, "nzuri, tunamshukuru Mungu" itaendelea mpaka swali la tano, ni heshima sio uongo. Weka maongezi ya kawaida kwanza, watoto, biashara, mvua, alafu mwambie wazi kwamba sasa yanakuja maswali ambayo jibu la "sio nzuri" linaruhusiwa.

Hatua ya 5: wataalamu

Haraka tu. Wape watu kama sita wanaoijua sonona kwa kazi, muuguzi wa afya ya akili, mwanasaikolojia, afisa ustawi, kila mmoja atoe alama 1 mpaka 4 swali linahusika kiasi gani. Hesabu waliotoa 3 au 4. Watano kati ya sita ni 0.83, linabaki. Wanne kati ya sita ni 0.67, lirudishe mezani. Waulize pia kuna kitu kimekosekana? Hapo ndo "kufikiria sana" hujitokeza, mana wagonjwa wanakuja nalo kila siku na kwenye dodoso halipo.

Hatua ya 6: wadadisi na swali la tisa

Wadadisi wako, yaani wanaokwenda kuuliza maswali, wafundishwe pamoja, wasome maswali kwa maneno yale yale. Mmoja akifafanua kwa mtindo wake una madodoso mawili sio moja. Mhojiwa akae faragha, mama mkwe akiwa kwenye mkeka pembeni majibu sio ya mhojiwa tena.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla hujamhoji hata mtu mmoja uwe na jina na namba ya mhudumu ambaye amekubali kupokea atakayejibu zaidi ya 0, na mdadisi ajue anafanya nini dakika ile ile, anakaa naye, hamwachi peke yake, anapiga simu. Sio siku ya kuchambua data mwezi ujao. Bila mpango huo usiende fildi kabisa, hata kama kibali umeshapata.

Hatua ya 7: pailoti na alfa

Sasa ndo namba. Kusanya pailoti, yaani jaribio la kwanza kabla ya utafiti wenyewe, kwa alfa usitumie watu kumi, ukipata mia moja na kuendelea namba inatulia. Alfa aliandika Lee Cronbach 1951 na unaweza kuitoa kwenye Excel bila SPSS, ile programu ya takwimu. Kila swali liwe kolamu, toa variensi ya kila kolamu (namba inayoonyesha majibu yametawanyika kiasi gani) kwa fomula ya VAR.S, zijumlishe. Alafu kolamu ya jumla ya kila mtu, toa variensi yake. Tuseme variensi za maswali 9 zinajumlika 7.2 na variensi ya jumla ni 24. Gawa 7.2 kwa 24 unapata 0.3, toa kwenye 1 inabaki 0.7, zidisha kwa 9 gawanya kwa 8, unapata 0.79. Ndo alfa yako.

Watu wanashika 0.70 kama msahafu. Ni mazoea mazuri ya kuanzia, basi. Alfa inapanda ukiongeza maswali hata kama hayajaongeza kitu, na ikifika 0.95 jiulize kama hujauliza swali moja kwa maneno tisa. Ikitoka ndogo sana au swali moja linapingana na mengine yote, kwanza angalia kama kuna swali la hasi ulisahau kugeuza alama, mara nyingi ndo hilo. Likiwa sio hilo rudi kwenye maelezo yako ya hatua ya 4, usilifute swali kwa sababu tu SPSS imesema alfa itapanda likiondoka.

Hatua ya 8: rudia, na walinganishe wapimaji

Chukua sehemu ya watu wale wale uwapime tena, angalia korelesheni ya alama za kwanza na za pili, yaani zinapanda na kushuka pamoja kiasi gani. Tatizo ni lini. Ukirudi kesho yake anakumbuka alichojibu. Ukirudi baada ya miezi miwili hali yake imebadilika kweli, na hapo tofauti sio kosa la dodoso. Kwa PHQ-9 inayouliza wiki mbili, mimi huenda na siku tano mpaka wiki moja. Na angalia kalenda, ukipima wanafunzi wiki ya kawaida alafu ukawarudia wiki ya UE, ile mitihani ya chuo, au wafanyakazi tarehe 20 na tarehe 30 baada ya mshahara, umepima mtihani na mshahara.

Kama kuna watu wawili wanaoamua "ana sonona / hana", usiripoti asilimia ya kukubaliana peke yake. Tuseme wamesikiliza mahojiano 50: wote ndiyo 15, wote hapana 25, wa kwanza tu kasema ndiyo 4, wa pili tu kasema ndiyo 6. Wamekubaliana 40, ni 80%, inavutia. Ila wa kwanza anasema ndiyo 38% ya wakati na wa pili 42%, kwa hiyo hata wangekuwa wanabahatisha wangekutana karibu 52%. Kapa ya Cohen inaondoa hiyo bahati: 0.80 toa 0.52, gawanya kwa 1 toa 0.52, unapata kama 0.58. Ni ya wastani, bado wanahitaji kukaa pamoja na kusikiliza yale 10 waliyotofautiana, na hapo ndo utagundua mmoja anahesabu msiba kama sonona na mwingine hahesabu.

Hatua ya 9: sasa uhalali wa namba

Uthabiti ukiwa mbovu uhalali hauwezi kuwa mzuri, hilo lina hesabu yake kabisa: kipimo chenye uthabiti 0.5 na kingine chenye 0.8, korelesheni kubwa unayoweza kuitegemea kati yao ni kama 0.63. Ndo mana tumeanza na uthabiti kwenye namba.

Kipimo kizito ni kulinganisha na mahojiano ya daktari ambaye hajaona alama za dodoso. Asizione kabisa, akiziona anaongozwa nazo. Tuseme watu 100, daktari anasema 20 wana sonona. Dodoso lako kwa mpaka wa 10 limewakamata 16 kati ya 20, ni 80%. Kati ya 80 wasio nayo limewaacha salama 68, ni 85%. Nzuri? Angalia upande wa pili, limewanyooshea kidole watu 28, na wenye sonona kweli ni 16 tu, yaani 57%. Wale 12 wengine wataambiwa nini? Hili ndo swali la kuuliza kabla ya kuchagua mpaka, jaribu 8, jaribu 12, chagua kulingana na huduma iliyopo mbele yao, na uchaguzi huo uthibitishe kwa watu wengine tofauti.

Ukikosa daktari, tumia dodoso lingine. WHO-5 inapima ustawi wa akili kwa maswali 5, ikienda juu sonona inatakiwa ishuke. Alafu rudi kwenye ile orodha ya usichopima. Uchovu, usingizi, hamu ya kula, hivi vyote viko kwenye PHQ-9 na vyote viko kwa mjamzito, kwa mwenye malaria na kwa mwenye njaa. Gawa alama mafungu mawili, maswali ya mwili peke yake na maswali ya moyo peke yake. Kama kundi lako la wajawazito lina alama kubwa kwa maswali ya mwili tu, umepima mimba.

Hatua ya 10: andika ulichofanya

Kwenye sura ya tatu usiandike "dodoso ni halali". Andika: toleo hili la Kiswahili lilijaribiwa kwa watu hawa, mahali hapa, alfa ilikuwa kadhaa, kurudia baada ya siku kadhaa kulitoa korelesheni kadhaa, likilinganishwa na mahojiano lilikamata asilimia kadhaa. Ukikosa kufanya kitu sema hukufanya. Na kwenye kiambatisho weka dodoso lenyewe lote kwa Kiswahili ulichotumia, neno kwa neno, pamoja na jedwali la maswali uliyobadilisha: lilivyokuwa, watu walivyolielewa, lilivyo sasa, ili atakayekuja baada yako asianze tena na gazeti na televisheni.